Mkato Mmoja na Haki ya Mrithi

Leo tunatazama sentensi mbili za Kiingereza zenye maneno yale yale na maana mbalimbali. Chukulia mama mjane anamwandikia wakili kuhusu nyumba ya urithi.

Ya kwanza: "My children who live in Muscat have agreed to sell the house."

Ya pili: "My children, who live in Muscat, have agreed to sell the house."

Ya kwanza haina mkato. Yasema kwamba waliokubali ni wale watoto waishio Muscat. Msomaji huelewa kuwa wapo wengine, na ridhaa yao haikutajwa. Ya pili ina mikato miwili, nayo hufanya kazi ya mabano: yaliyo kati yake ni maelezo ya ziada. Yaondoe, na kauli inasimama: watoto wote wamekubali. Tena yadai kuwa wote wako Muscat.

Kwa Kiswahili tunasema, "Wanangu wanaoishi Muscat wamekubali," na jirani akaelewa kwa kuwa aijua familia. Karatasi haiijui. Binti aliyebaki Tanga aweza kuhesabiwa kuwa ameridhia, au kuwa hayupo kabisa.

Basi tuwafunze vijana wetu, ambao ndio waandishi wa barua za wazee, wahesabu watu kabla ya kuweka mkato. Penye shaka waandike wazi: "all my children", au "only my children in Muscat". Haki ya mtu isiachiwe nukta ya wino.