Taa ya Kupigia Picha Nguo, Tununue ya Kiasi Gani?

Sisi tunaouza nguo za bi harusi kwa simu, siku hizi swali ni taa ya laki ngapi. Mimi nasema kwanza fungua dirisha. Saa nne asubuhi, dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, na shuka jeupe upande wa pili lirudishe mwanga: hapo hata baibui jeusi linaonyesha mshono wake.

Anayepiga picha usiku, watoto wakishalala, huyo taa anaihitaji. Asitazame ukubwa, asome boksi, CRI 95 au zaidi na 5500K, mwanga wa kama mchana. Balbu ya njano ya chumbani aizime. Taa ya duara inapendeza usoni, lakini kwenye satini huweza kuacha mng'ao mweupe.

Bi harusi wa Wete akiagiza zambarau kwa picha, akaletewa samawati wiki ya harusi, amedhulumika. Pesa ya taa inayosema kweli si israfu. Kipimo changu, isizidi faida ya magauni mawili. Taa ya tatu na stendi za kuringishia wenzio, pesa hiyo bora ununulie vitambaa.