Kabla ya Kuomba Mashine ya Pili

Leo nataka kusema na wenye biashara, hasa nyinyi mnaozalisha kitu: wenye visiagi, wa mikate, wa kushona yunifomu, wa chakula cha kuku. Nitasema waziwazi, na atakayekasirika asome kwanza mpaka mwisho.

Maombi ninayoletewa na wafanyabiashara yanafanana sana. "Pastor, niombee nipate mkopo ninunue mashine ya pili." Wengine wananitajia Yabesi na mipaka kupanuliwa. Sipingi. Lakini nikiuliza hiyo ya kwanza ilisimama kwa masaa mangapi wiki iliyopita, ni wachache sana wenye jibu. Mauzo anayajua, deni analijua, masaa hayajui. Maoni yangu ni kwamba mtu wa namna hiyo bado hahitaji mashine ya pili. Akiipata atakuwa na mashine mbili zinazosimama na mkopo usiosimama.

Tuchukue kisiagi, kwa sababu kila mtaa unacho. Tuseme chako kinasaga magunia manne ya kilo 90 kwa saa, na unatoza shilingi 10 kwa gorogoro ya kilo mbili. Gunia moja ni gorogoro 45. Sasa mkanda unakatika Jumamosi, siku ya foleni. Kijana anapanda boda kwenda tauni kutafuta mwingine, anarudi baada ya masaa matatu. Hayo ni magunia 12, gorogoro 540, shilingi 5,400. Na hiyo ni pesa tu. Yule mama aliyekuja na ndoo kichwani ameshakwenda kwa jirani, na huko amekuta mashine inanguruma. Jumamosi ijayo hatapita kwako hata kuangalia. Mkanda wa akiba ungekuwa unaning'inia ukutani, mngepoteza dakika chache tu.

Mikanda ni jambo rahisi. Kuna vyuma vinavyopiga mahindi mle ndani. Vikiisha makali unga unatoka mkubwamkubwa, kazi ya saa moja inachukua saa na nusu, na tokeni zinaisha upesi kwa sababu mota inakokota. Mwenye mashine anaona bili ya stima imepanda, anaanza kusema kuna mkono wa mtu. Vyuma hivyo vingi vinaweza kugeuzwa upande wa pili vikafanya kazi tena, mradi uvigeuze vyote pamoja. Ukibadilisha kimoja na kuacha vingine vilivyolika, uzito haulingani, mashine inatetemeka, na mtetemo huo unamaliza beringi. Wenye umeme wa fezi tatu mnajua pia kwamba fezi moja ikipotea na mota ikaendelea kuvuta, inaungua. Kuna kifaa cha kuizima kabla haijafika huko. Muulize fundi wako kama chako kimewekwa.

Mimi naamini vita vya kiroho, na nitaendelea kukemea panapofaa kukemewa. Lakini tusimpe shetani sifa ya kazi iliyofanywa na ukosefu wa grisi.

Na hii inanigusa zaidi: wafanyakazi. Japani alikuwako Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, aliyehangaika miaka mingi na mitambo ya kufuma nguo. Mwaka 1924 alikamilisha mtambo ambao uzi ukikatika ulisimama wenyewe. Mtambo usiojua kusimama huendelea kutoa kitambaa kibovu mpaka mtu agundue. Mwanawe ndiye aliyeanzisha kazi ya magari ya Toyota, na wazo hilo likaingia kiwandani: mfanyakazi wa kawaida akiona kasoro anavuta kamba, msimamizi anakuja, na jambo lisipotatuliwa haraka kazi ya mstari huo inasimama. Hagombezwi kwa kuvuta kamba. Ndiyo kazi yake.

Sisi je? Kijana anasema, "Bosi, nasikia mlio." Bosi anajibu, "Wewe saga, watu wanangoja." Siku ya pili hasemi tena. Mlio unaendelea wiki mbili, halafu beringi inapasuka mchana wa soko, na wa kulaumiwa ni yuleyule kijana. Anakatwa mshahara. Kuna lingine baya kuliko hilo. Kijana anayeogopa kuzima mashine ndiye anayeingiza mkono kutoa mahindi yaliyokwama huku mota inazunguka. Huyo ni mtoto wa mtu, pengine anaketi viti viwili nyuma yako Jumapili. Vidole havina spea. Kama katika biashara yako mtu haruhusiwi kuzima mashine mpaka akupigie simu, badilisha sheria hiyo leo.

Niseme kidogo kwa watu wa mikate. Mara nyingi mnaongeza uwezo mahali pasipohitaji. Kama oveni ni moja na ndiyo inayochelewesha, mashine ya pili ya kukanda haitaongeza mkate hata mmoja. Donge likikandwa haliwezi kungoja oveni siku nzima. Linaumuka kupita kiasi na kuanguka. Tafuteni pale kazi inaporundikana, hapo ndipo pa kuanzia. Pengine oveni inakaa bure kila asubuhi ikingoja kupata moto kwa sababu mtu wa kuiwasha anafika saa moja na wakandaji wote wanafika saa moja. Mwambie mmoja aje mapema. Hilo halihitaji mkopo.

Pesa ya spea itatoka wapi? Yusufu kule Misri alitenga sehemu moja ya tano katika miaka ya shibe, wakati ghala zimejaa na hakuna aliyeona haja. Wewe anza na kidogo, kila siku ya mauzo mazuri, kwenye laini tofauti ya M-Pesa ambayo huigusi kwa mambo ya nyumbani. Na tafadhali, usiniletee pesa ya beringi madhabahuni ukisema unapanda mbegu. Nunua beringi.

Kesho nunua daftari la shule. Kila mashine ikisimama, kijana aandike saa iliposimama, saa ilipowaka, na sababu: mkanda, stima, mahindi mabichi yameziba chekeche, mtu hakuja, hakuna mahindi. Bila kumkaripia, la sivyo atakuandikia uongo. Fanya hivyo siku 30. Ukikuta mashine imefanya kazi masaa yake yote na foleni bado iko mlangoni, njoo na daftari hilo tuliombee, kisha ulipeleke SACCO.

Mbarikiwe.