WATOTO WETU SI MIZIGO YA STOO

Ndugu Wafanya Kazi,

Safari hii hatuandiki juu ya mshahara wala ovataimu. Twaandika juu ya mahali watoto wetu wanapoachwa sisi tukiwa kazini.

Kila mtu aishiye Pipeline au Huruma, hapa Nairobi, aijua habari hii. Nyumba ni za ghorofa sita, saba, nazo zimebanana hata jua halifiki chini. Vyumba vya chini kabisa, na vile vilivyo chini ya ardhi, vingine havina hata dirisha moja. Kwa kuwa kodi yake ni nafuu, mara nyingi ndivyo vinavyokodiwa kulelea watoto, yaani deikea. Mama akifika kazini saa moja asubuhi, mtoto amekwisha kuingia gizani, na humo atakaa mpaka jioni.

Mafundi wa karakana, twawauliza ninyi: ni nani kwenu angekubali kushuka katika shimo chini ya injini kutwa nzima, bila taa wala hewa? Angekataa, na Chama kingesimama pamoja naye. Mtoto wa miaka mitatu hana chama. Chama chake ni sisi.

Wanachama wengine wamesema, tupake rangi vyumba hivi ili watoto wacheze mahali penye kupendeza. Shauri hili ni jema, lakini lifanywe kwa utaratibu huu:

1. Hewa kwanza. Jiko la makaa lisiingie kabisa katika chumba kama hicho. Moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu akiwa usingizini. Fundi atoboe matundu mawili, moja chini na jingine juu, ukuta wa pili, kwa maana hewa ya moto hupanda. Yawekwe wavu.

2. Unyevu. Plasta yenye ukungu ikwanguliwe na ukuta ukauke kabla ya kupakwa. Ukipaka rangi juu ya ukungu umeuficha tu, na kifua cha mtoto kitautafuta. Kama kuna rangi ya zamani, isikwanguliwe kavu, kwa maana huenda ina risasi, na vumbi lake huharibu akili ya mtoto. Ilowanishwe kwanza, na watoto wawe mbali.

3. Rangi. Dari na sehemu ya juu ya ukuta ziwe nyeupe. Nyeupe safi hurudisha kama sehemu 8 katika 10 za mwanga. Kahawia nzito haifikishi hata 2. Sehemu ya chini, kimo cha mtoto, iwe njano au buluu ya kuoshwa kwa sabuni. Dukani ulizeni rangi isiyo na risasi. Ukuta mmoja upakwe weusi wa ubao, watoto wachore kwa chaki.

4. Taa. Taa mbili ndogo pembe mbili ni bora kuliko moja katikati, kwa maana huondoa vivuli. Taa ya LED ya wati 9 hutoa mwanga kama globu ya zamani ya wati 60, basi gharama ya stima isiwe udhuru. Nyaya zipite juu, mkono wa mtoto usifike.

5. Mlango. Usifungwe kwa kufuli kutoka nje watoto wakiwa ndani, hata kwa dakika tano. Moto haungoji mwenye ufunguo.

6. Jua. Watoto watolewe nje kila siku, asubuhi na jioni. Mwanga wa nje hushinda wa chumba kama hicho zaidi ya mara mia. Jua huzuia matege, na mtoto achezaye nje hupunguza hatari ya kutoona mbali. Hakuna rangi ya kopo ifanyayo hayo.

Sasa tufike kwenye shina la maneno. Mwenye nyumba akiona chumba kimepakwa vizuri, asije akasema kimetosha, wala asipandishe kodi kwa jasho letu. Rangi ni dawa ya kutuliza. Ugonjwa wenyewe ni nyumba mbaya na kodi kubwa. Wala shauri la nyumba si geni kwa vyama. Wafanya kazi wa Mombasa walipogoma mwaka 1939, nyumba na kodi vilikuwa katika madai yao makubwa. Landi za reli hapa Nairobi zilijengwa chumba kimoja kimoja, kama kwamba mfanya kazi hana mke wala mtoto. Fikira hiyo bado haijafa.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au fedha za kutosha kodi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka aweke mahali pa mama kunyonyeshea. Basi twaomba kila tawi, katika mkutano wake ujao, lidai mambo mawili: posho ya nyumba itoshayo chumba chenye dirisha, na chumba cha watoto karibu na kazi.

Wakati tukingoja majibu, brashi na ndoo zinunuliwe kwa mchango wa tawi, na mafundi wajitolee Jumamosi moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Umoja ni Nguvu.

Mhariri