Ukishapiga selfi Diani, panda kilimani uione Kwale yenyewe

Picha tushaiona. Mchanga mweupe, dafu mkononi, ngamia nyuma yako, na maandishi chini yake kwamba maisha ni haya haya. Imependeza, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu unaanza ukirudi Nairobi au Nakuru na kuwaambia watu ulikuwa Kwale. Kwale gani? Ulikaa siku tatu ndani ya ukuta wa hoteli na ule ukanda wa plastiki mkononi. Ulikula vya hoteli, ukanunua vya hoteli, na mwenyeji pekee uliyeongea naye ni yule aliyekuletea taulo. Na sisi wa Mombasa tusicheke: tunavuka feri, tunashuka Ukunda, tunaingia baharini, jioni tuko Likoni tunapanga foleni.

Leo nataka kukuuzia wazo moja tu. Ukija Pwani Kusini, toa angalau siku mbili uende mahali ambapo shilingi yako inaingia mkononi mwa mwanakijiji. Hapo huombwi sadaka. Vitu vingi vizuri vya kaunti hii vimesimama mpaka leo kwa sababu wenyeji walikataa kuvikata, na watazidi kukataa iwapo mti uliosimama unawalipa kuliko gunia la makaa.

Anza na mji wenyewe. Feri ya Likoni haimtozi anayevuka kwa miguu. Ukifika ng'ambo, ulizia matatu ya Kwale. Itakupeleka hadi Kombani, halafu itakunja kulia na kuanza kupanda, na punde utasikia upepo umebadilika. Kwale ni makao makuu ya kaunti lakini ni mji mdogo, unauzunguka kwa miguu asubuhi moja. Kaa kibandani, agiza mahamri kwa mbaazi, tega sikio usikie Kidigo na Kiduruma vikipishana mezani. Bahari hakuna, ndiyo maana wageni wengi hawafiki.

Lakini nje kidogo ya mji kuna hifadhi ya Shimba Hills. Huko ndiko mahali pekee nchini Kenya unapoweza kumwona palahala porini, yule mnyama mweusi mwenye pembe zilizopinda nyuma kama jambia. Ndovu wapo. Maporomoko ya Sheldrick yapo, yenye urefu wa mita 21, na mnateremka kwa miguu mkisindikizwa na askari wa KWS. Na kama unaishi Mombasa, jua kwamba chemchemi za Marere kwenye vilima hivi zimekuwa zikiupa mji wako maji kwa miaka mingi. Kiingilio kinalipwa kupitia eCitizen, na ndani unahitaji gari, kwa hivyo changishaneni mkiwa wanne.

Jirani yake ni Mwaluganje. Miaka ya 1990 wakulima wa huko walikubali kuacha sehemu ya mashamba yao iwe makao ya ndovu, wapate mgao kutokana na viingilio vya wageni. Mpaka kinyesi cha ndovu kilitengenezewa karatasi za kuuza. Fikiria ukubwa wa uamuzi huo. Shamba ni urithi wa watoto, na mtu analitoa akitumaini kwamba wewe utakuja. Usipokuja, ndovu anabaki kuwa yule mnyama aliyekula mahindi ya watu.

Sasa teremka Diani. Ndiyo, ogelea. Ukiwa barabarani inua macho: zile ngazi za kamba zilizovuka juu ya lami ni madaraja ya mbega, wawekewe ili wasigongwe na magari. Kisha nenda Kinondo, kusini kidogo, uingie kaya. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu wa Wadigo, hekta 30 hivi, na ni miongoni mwa misitu ya kaya za Mijikenda iliyoorodheshwa na UNESCO mwaka 2008 kuwa urithi wa dunia. Utafungwa kaniki kiunoni. Utaambiwa usitoke na chochote, hata jani. Mwenyeji atakuonyesha mti gani ni dawa ya nini. Ukimya wa mle ndani hauupati kwenye baa yoyote ya ufuoni. Na msitu huo umezungukwa na ardhi ambayo kila mwenye pesa anaimezea mate.

Siku ya pili, panda matatu ya kuelekea Msambweni, ushuke njia ya Gazi. Kina mama wa kijiji hicho wana daraja lao la mbao linalopita katikati ya mikoko, na ukitaka chakula cha Kiswahili watakupikia. Hapo Gazi na Makongeni ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza kuuza hewa kaa ya mikoko mwaka 2013, wa kwanza wa aina yake duniani kuendeshwa na wanakijiji. Wanalinda hekta 117, na pesa zinazopatikana zinaenda kwenye maji na shule. Wewe unayebishana kuhusu tabianchi mtandaoni usiku kucha, njoo uone watu waliovua viatu wakaingia topeni.

Mkiwa upande huo, waulizie wachongaji wa Kimakonde. Wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya katani na miwa, na vizazi vikapita bila kitambulisho. Oktoba 2016 walianza safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai uraia, na mwaka 2017 wakapewa. Kinyago unachokipunguzia bei kimechongwa na mtu aliyetembea ili aitwe Mkenya. Punguziwa, lakini usimkaushe.

Ukibakiwa na siku, malizia Shimoni. Ingia kwenye pango ambamo inasimuliwa watumwa walifungiwa wakisubiri majahazi, kisha uvuke kwa mashua hadi Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja. Huko pia kina mama wana daraja lao, juu ya bustani ya matumbawe.

Najua utakachosema: doo hakuna. Sawa. Mimi mwenyewe chuo niliacha kabla ya kuvaa joho na mshahara wangu haunenepi, lakini safari hii ni matatu, bodaboda na sahani ya wali wa nazi. Uliza bei kabla ya kupanda na kabla ya kuingia, usione haya. Kiingilio cha kijiji ukilinganisha na kinywaji kimoja cha hotelini, utajua mwenyewe pesa zako huishia wapi.

Utasema pia hoteli zinaajiri watu wetu. Kweli, zinaajiri, na sikwambii uzisuse. Ila mshahara wa hoteli hautalinda kaya wala mikoko. Vitalindwa na kijana wa rika lako, mwenye simu kama yako, aliyeona kwamba kujua majina ya miti ya babu yake kunaweza kumlipia kodi ya nyumba. Asipoona hivyo, atauza kipande chake na kuja kupanga chumba jirani na wewe, na tutakuwa wawili tunaotafuta kazi.

Adabu chache kabla hujaondoka nyumbani. Toa salamu kwanza, swali baadaye. Vazi la ufuoni libaki ufuoni, kijijini jifunge leso. Usimpige mtu picha bila ruhusa, hasa kina mama na watoto. Kwenye kaya, ukiambiwa hapa hakupigwi picha, weka simu mfukoni.

Diani haiendi popote, utaikuta. Kaya, mikoko na ndovu wa Mwaluganje ndio sina uhakika nao, na sehemu ya uhakika huo iko kwenye M-Pesa yako. Likizo ijayo ukifika Likoni, pita matatu ya Ukunda, uulize ya Kwale inajaa wapi.