Mvinyo wa marehemu
Jirani yangu hapa Dodoma kafungua kabati la marehemu baba yake wiki hii, akakuta chupa za mvinyo zimesimama wima, vumbi tele, kizibo kimoja kimesinyaa hadi kuzama shingoni. Sasa ndugu wanavutana: tunywe au tuweke? Akiba haiozi, husema wahenga, ila nadhani wahenga hawakuweka mvinyo. Mwingi hutengenezwa unywewe ndani ya miaka michache; hata ule wa Bordeaux unaovumilia miongo hulazwa, kizibo kisikauke. Mzee, namjua, alikuwa akisubiri wageni wa heshima, kumbe wageni wenyewe ni wanawe, wakinywa soda sebuleni kila Krismasi. Kuendelea kuzitunza ni uchoyo tu, tumeubatiza jina la heshima. Fungueni Jumapili, mashapo yaachwe chini. Ukiwa umegeuka siki, kachumbari ipo.