Civil War ya Marvel: kosa halikuwa kujiandikisha

Wadau, ubishi wa Civil War hauishi, ile komiki ya Mark Millar na Steve McNiven iliyotoka 2006 hadi 2007, matoleo 7. Wengi mko kwa Captain America. Nami nilikuwa huko, ila nimeirudia juzi nikayumba.

Tukumbuke chanzo. Vijana wa New Warriors walivamia wahalifu huko Stamford ili kipindi chao cha TV kinoge. Nitro akajilipua, mamia wakafa, watoto wa shule wakiwemo. Serikali ikataka mashujaa wajiandikishe. Hapo Iron Man ana hoja: mwenye nguvu kiasi hicho lazima awe na wa kumwajibisha.

Alipoharibu ni kuwafungia wenzake gerezani bila kesi. Sheria ikageuka fimbo.

Na mwisho je? Captain America anakaribia kummaliza Iron Man, watu wa kawaida wanamrukia kumzuia. Anaangalia New York ilivyobomolewa, anajisalimisha. Wengine mnamwita mwoga. Kwangu mimi, hapo ndipo shujaa alipowasikiliza wale anaodai kuwatetea. Kabla ya hapo, jamani, nani aliwauliza?

Mnasemaje wadau?