Mvunja Nyumba ni Nani?

Wanawake wanaomsindikiza mke apigwaye hadi polisi na mahakamani, hapa Unguja, wamebandikwa jina: wavunja nyumba. Nalikataa jina hilo. Nyumba ilikwisha kuvunjika siku mkono wa mume ulipoinuka. Wao wamekuja kumtoa mtu kifusini.

Wapatanishi wetu, wazee wa heshima, humwambia: "Rudi kwako mwanangu, mume ni stara." (Neno zuri kama hilo, kufanywa sanda!) Hawamwulizi kama alikabwa koo. Msindikizaji huuliza, kwani kazi imemfunza kuwa mume aliyekwisha kumkaba mkewe ni wa kuhofiwa mno, na kwamba saa ya hatari kubwa ni ile anayoazimia mke kuondoka. Basi suluhu ya barazani, ikichukua juma zima huku mume akijua kila lisemwalo, humpa muuaji nafasi.

Tangu mwaka 2011 pana kituo cha Mkono kwa Mkono katika hospitali ya Mnazi Mmoja, daktari, polisi na mshauri wakiwa pahala pamoja. Ni jambo jema. Lakini nani atakaa na mke huyo usiku ambao shangazi wa mume wamemjia kwa maneno matamu, afute kesi?

Wapenzi wa tungo mwaijua habari ya Kijiti aliyoiimba Siti binti Saad: muuaji alivuka bahari, wakatiwa hatiani wanawake waliotoa ushahidi. Twausikiliza wimbo huo tukitikisa vichwa. Asubuhi yake twamnunia jirani aliyekwenda mahakamani.